Singe ya Delbert ni Bandia

Jumatatu, 7 Oktoba 1996

Nimerudi sasa hivi kutoka mkutano wa Chama cha Wakusanyaji wa Silaha za Zamani, ukumbi wa zimamoto. Sijavua koti. Nina hasira kiasi cha kushindwa kuvua koti.

Harlan Bixler amehamia Florida kwa binti yake. Kiti chake cha ujaji kiko wazi. Majaji wetu ni watatu. Wanakaa mbele kabisa kwenye maonyesho ya kila mwaka, na mtu akileta bunduki au singe, yaani kisu cha mtutu, aliyoikuta darini kwa babu yake, wao ndio wanaotamka: halisi, au bandia. Hakuna rufaa. Kiti hicho ni changu. Nimekisubiri tangu Harlan aanze kukohoa.

Sasa Thelma Garverich, mkuu wa majaji, mwanamke asiyetabasamu mpaka apewe sababu, amesimama na kutangaza kwamba kiti kitashindaniwa. Jumamosi ya tarehe kumi na tisa, siku ya kwanza kati ya siku mbili za maonyesho, mbele ya watu wote. Wanachama wataweka vitu vyao kwenye meza moja, vya kweli na vya kuiga vikiwa vimechanganywa. Wagombea watafunga lebo: kijani kwa halisi, nyekundu kwa bandia. Atakayepatia zaidi ndiye jaji.

Nikasema vizuri, mgombea ni mimi peke yangu, tuokoe muda.

Mkono ukanyooshwa nyuma. Delbert Kunkle! Jirani yangu! Fundi bomba! Mtu aliyewahi kununua kofia ya chuma ya Kijerumani yenye kibandiko cha duka la vitu vya kuchezea kwa ndani, kisha akaisimulia hadithi hiyo mwenyewe huku akicheka. Ukumbi ukampigia makofi. Wanampenda kwa sababu huleta pai.

Mimi nimekuwa mkaguzi wa madai ya bima maisha yangu yote ya kazi. Nimesimama mbele ya maghala yaliyoungua na wenye maghala waliolia. Uongo naunusa kabla haujabisha hodi. Halafu nishindanishwe na fundi bomba!

Arlene amesema nivue koti, supu inapoa. Ndoa ya miaka mingi, na mke haoni dhuluma ikiwa imekaa mezani pake.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimekwenda kwa Delbert kuazima ngazi. Ngazi ninayo. Nilichokifuata ni singe.

Aliipata kiangazi hiki kwenye mnada wa shamba, ndani ya ndoo ya nyundo na koleo zilizoota kutu. Anaiweka jikoni, kando ya kibaniko cha mkate, kama kijiko. Ni ya bunduki ya Enfield, zile walizotengeneza Waingereza zikaletwa huku Marekani kwa meli wakati majimbo ya Kaskazini na ya Kusini yanauana. Ndefu, ya pande tatu, chini ina shingo ya duara inayovishwa kwenye mdomo wa mtutu, na pete ya kuifunga isichomoke. Kwenye shingo imechongwa namba 582. Mbili yake imepinda.

Nikaikagua kwa utulivu wa kitaaluma. Kwanza kutu. Kutu ya kughushi huwa ya rangi ya chungwa na hubaki kidoleni. Hii ni ya kahawia iliyokolea, karibu nyeusi, imeshika chuma kama ngozi, na haikubaki kidoleni hata nilipoitemea mate. Maana yake walioghushi ni mafundi hodari sana. Pili namba. Jeshi halichongi mbili zilizopinda. Hiyo ni namba ya shehena kutoka karakana fulani ya ng'ambo inayowauzia watalii.

Tatu, na hapa ndipo kesi ilipokwisha, Delbert mwenyewe alikiri kwamba haiingii. Ameijaribu kwenye Enfield za wanachama wawili. Ya kwanza iligoma kabisa. Ya pili iliingia nusu ikakwama, wakaitoa kwa mafuta ya kupikia.

Nikamwambia amejihukumu kwa kinywa chake. Serikali inaponunua singe, inanunua singe zinazoingia. Chukua singe yoyote ya Springfield, iliyotengenezwa hapa kwetu kwa mashine, ivishe Springfield yoyote. Inaingia bila kuuliza. Kitu halisi huingia popote. Kinachogoma ni bandia. Nilimsomea kanuni hiyo mara mbili ili ikae.

Delbert akajikuna kichwa. Akasema, "Basi jirani, tuijaribu kwenye ile yako."

Yangu! Enfield yangu iko juu ya meko, nimeipata kwenye ghala la nafaka la mjane mmoja huko Snyder, bila singe, na kitakoni ina kipande cha ngozi ambacho mkulima fulani alikipigilia misumari ili bega lisiumie akiwinda panya-buku shambani. Watu wamenishauri niing'oe ngozi hiyo nione chini kuna nini. Sijaing'oa. Sitaing'oa. Kitu cha zamani hakiguswi. Ukianza kugusa, utaishia kupaka rangi.

Nikamjibu Delbert kwamba mtutu wangu hauvishwi takataka ya dukani. Akacheka, akanikatia pai ya molasi. Nilikula kwa adabu tu. Vipande viwili.

Nimesahau kuchukua ngazi. Sasa ataanza kujiuliza.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nina mpango. Una sehemu mbili na ni mzuri mno.

Sehemu ya kwanza: singe ya Delbert iwekwe kwenye meza ya mashindano. Ataifunga lebo ya kijani kwa mapenzi, mbele ya kaunti nzima, nami nitaifunga nyekundu na kueleza kwa nini. Nilimsimamisha nje ya posta nikamwambia kipande chenye historia kama kile ni dhambi kukificha jikoni. Nilitarajia abishe. Hakubisha. Alisema, "Wazo zuri, Orville. Hata mimi nina hamu ya kujua." Hamu ya kujua! Hakuna mtu mwenye hamu ya kujua kitu chake mwenyewe. Kuna jambo analificha.

Sehemu ya pili: ushahidi wa kulinganisha. Nimekwenda hadi Gettysburg, kwenye duka linalowavisha wale wanaoigiza vita siku za mapumziko, nikanunua singe mpya ya kuiga. Inang'aa kama kijiko cha harusi. Nitaizeesha mwenyewe ifanane kabisa na ya Delbert, niiweke kando ya yake, nimuulize Thelma anaona tofauti gani. Hataona. Kesi imefungwa.

Kuzeesha chuma kunahitaji chumvi, uchachu na giza. Siki ilikuwa njia ya kawaida, lakini Arlene ameficha siki tangu lile jambo la mwaka jana kwenye beseni la kuogea. Nilikuwa nimesimama chini, kwenye ghala la chini ya nyumba, nimekata tamaa, ndipo nikauona. Mtungi wa Arlene! Kabichi yake ya kuchachusha, ameiweka juzi tu, imejaa hadi shingoni. Chumvi. Uchachu. Giza. Nikaisukuma singe hadi chini kabisa, nikarudisha sahani na jiwe lake juu.

Nimelala mchana huu usingizi wa mtu mwenye haki.

Jumapili, 13 Oktoba

Arlene aliteremka baada ya ibada kutoa povu la kabichi. Akapanda na singe ameishika kwa koleo la makaa.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alisema, "Orville, kuna mkuki kwenye kabichi yangu."

Nikamrekebisha kwamba mkuki una mpini wa mbao na hii ni singe. Nakiri kwamba wakati wa kutoa somo hilo haukuwa mwafaka.

Kabichi ile ilikuwa ya Mwaka Mpya. Huku kwetu hakuna anayeanza mwaka bila nyama ya nguruwe na kabichi chachu. Bibi yake alifanya hivyo, mama yake alifanya hivyo, na mwaka pekee walioruka zizi liliungua. (Niliwahi kuipitia kesi ile. Ilikuwa taa ya mafuta. Sikusema.) Akamwaga mtungi mzima nyuma ya nyumba. Akaniambia kabla jua halijazama mtungi uwe umejaa tena, na kwamba ubao wake wa kukatia umevunjika, na kwamba anajua ni nani aliyesimama juu yake kutundika bunduki.

Nikawa nakata kabichi kwa kisu cha jikoni, kichwa kimoja baada ya kingine, kama mfungwa. Ndipo mlango ukafunguliwa. Delbert! Amesikia. Nani amemwambia? Arlene alikuwa anatazama dirishani kwa utulivu mkubwa.

Alikuja na ubao wa marehemu mama yake, wa mti wa mcheri, mrefu kama mlango, wenye visu vitatu. Huwa unalazwa juu ya mdomo wa mtungi ili kabichi idondokee ndani moja kwa moja, lakini kwenye mtungi wetu ulikaa upande, ukawa unacheza, tukauweka juu ya viti viwili. Alikata gunia zima huku akiimba nyimbo za kanisani. Arlene akaitikia sauti ya pili. Jikoni kwangu! Na mimi ndiye niliyeshika ndoo.

Alipomaliza akaiona singe yangu kwenye sinki. Rangi ya chungwa kama boga, kutu inamwagika ukiitazama tu, na harufu yake sitaiandika. Akaigusa, akakitazama kidole chake, akasema, "Bwana wee. Hii hata gizani utaijua."

Matusi hayo nayahifadhi. Hata hivyo nimejifunza jambo: mtu aliyeghushi singe ya Delbert ana mtungi bora kuliko wa Arlene.

Alhamisi, 17 Oktoba

Sehemu ya pili ya mpango nimeiacha. Badala yake nitapeleka Enfield yangu kwenye meza ya heshima, ile ya mbele, ili watu waone anayehukumu ni mtu wa aina gani. Thelma ameikubali. Hata aliuliza kama nimewahi kuing'oa ile ngozi ya kitakoni. Nilimjibu kwa ubaridi.

Nimeandika kadi ya kuiweka mbele yake. Maneno machache: "Haijaguswa tangu vitani."

Nilipokuwa nikiitungua juu ya meko Arlene akaingia na kitambaa na chupa, akasema ningoje aipitishie kidogo. Nikauliza aipitishie nini. Akasema mafuta ya fanicha, ya limau, kama kila Jumamosi.

Kila Jumamosi!

Ule mng'ao wa mbao ambao nimewaonyesha wageni wote, nikawaambia ni wa viganja vya askari aliyeogopa! Nilimwambia hivyo. Akasema, "Askari gani, mume wangu? Ni limau."

Nimeamua kutobadilisha kadi. Kuguswa na mke si kuguswa.

Kwa upande mwingine habari ni njema. Delbert ameonekana maktaba, na vitabu vya silaha vimerundikana mbele yake. Anasoma! Ameshashindwa. Mtu anayejua hasomi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Ukumbi ulijaa. Magari ya zimamoto yametolewa nje, meza zimepangwa hadi milango mikubwa, kahawa, soseji, watoto na puto. Sitaficha ukweli kwa kujidai mnyenyekevu: asubuhi nilikuwa hodari mno.

Bunduki ya Mauser ambayo nembo yake imesagwa, Delbert akaifunga nyekundu; mimi kijani, kwa sababu majeshi mengi yalisaga nembo kabla ya kuuza bunduki zao, na anayeghushi haondoi nembo, huiongeza. Kisu cha mtutu cha Vita vya Pili chenye mhuri uliozama sana na kingo kali: nyekundu. Bunduki ya Kirusi yenye grisi ya ghalani iliyokauka ndani ya kila mfereji wa skrubu: kijani, grisi ile haigeziki. Springfield ya kupendeza yenye skrubu za nyuzi za kipimo cha kisasa: nyekundu, na mwenye nayo alikwenda kukaa nje kidogo. Watu walikuwa wananifuata meza nzima. Arlene pia. Nilimwona.

Delbert alifunga, akafungua, akajikuna, akafunga tena. Kwenye singe yake mwenyewe alifunga kijani, akaenda kunywa kahawa, akarudi akatoa, akafunga nyekundu, akatoa, akarudisha kijani. Akawaambia watu, "Mimi hapa sijui jamani, nakisia tu." Wakacheka naye. Mimi nikafunga nyekundu kwa fundo la mara mbili na kutoa hotuba. Niliisoma kanuni: kitu halisi huingia popote. Wengine waliandika.

Thelma akapita na majibu. Yangu yote sahihi. Delbert alikosea vinne. Ikabaki singe tu, na kwa hesabu yoyote ile nilikuwa nimeshinda. Nilishaanza kukitazama kiti. Kina mto.

Ndipo Thelma akaishika ile singe na kuuliza Enfield ngapi zimo ukumbini.

Akaeleza, kwa sauti ya mwalimu aliyechoka, kwamba Enfield nyingi zilizokuja wakati ule hazikutengenezwa kwa mashine za serikali. Zilitengenezwa Birmingham, kwenye vyumba vya mafundi, kwa mkono. Fundi alikuwa anaitwaa singe moja na bunduki moja, anapiga tupa shingo ya singe mpaka ikubali mtutu ule, na mtutu mwingine wowote itaukataa. Wanunuzi wa Kusini wakachonga namba moja kwenye zote mbili zisipoteane. Kwa hiyo singe ya namna hiyo isipoingia popote, hilo halishangazi. La ajabu ni ikiingia.

Alidai alishafundisha haya kwenye mkutano wa Machi. Naukumbuka mkutano wa Machi. Nilikuwa natunga hotuba yangu ya kukipokea kiti cha Harlan.

Zikaletwa Enfield zote, moja baada ya nyingine. Ikagoma. Ikagoma. Ikakwama. Ikagoma. Mimi nikitabasamu. Halafu watu wakageuka, wote pamoja, kuitazama ya kwangu.

Nikakataa. Nikasema haijaguswa, someni kadi. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Bibi harusi kafika, Orville, mbona bwana harusi anafichwa?" Mwingine akasema, "Muulizeni mahari!" Ukumbi ukavunjika mbavu. Delbert peke yake hakucheka. Alisema niachwe, bunduki ni ya Orville, akikataa amekataa. Huruma yake ilinichoma kuliko kicheko. Nikasema haya, jaribuni, mwone inavyogoma.

Thelma akaiweka mdomoni mwa mtutu. Haikugoma. Ilishuka taratibu, ikazunguka, pete ikajifunga. Ilitoa mlio mdogo kama wa mlango wa kabati zuri. Akaigeuza bunduki chini juu akaitikisa. Singe haikucheza hata unywele.

Ukumbi mzima ukasogea mbele. Hata watoto wa puto.

Akaniomba ruhusa ya kuinua ngozi ya kitakoni. Arlene akajibu badala yangu. Alikuwa na kisu cha siagi mkononi, sijui amekitoa wapi. Misumari ilikuwa imeoza, ngozi ikatoka kama ganda la yai. Chini yake, kwenye chuma: 582. Mbili yake imepinda.

Makofi yalivyopigwa nilidhani paa linashuka. Wanaume wazima walikuwa wanafuta macho. Miaka zaidi ya mia na thelathini, wakasema, na mwishowe zilikuwa nyumba mbili jirani.

Thelma akaja mpaka mbele yangu. Naandika hapa alivyosema, bila kuongeza. Alisema katika miaka yake yote hajaona mtu akikagua meza vizuri kama nilivyofanya leo, na kiti ni changu, na limebaki jambo moja dogo tu: nifungue lebo nyekundu kwenye singe nifunge kijani. Jaji hukosea, alisema. Anachotakiwa ni kujua kufungua fundo.

Akaninyooshea lebo ya kijani. Arlene alikuwa ananitazama. Delbert akasogea, akaninong'oneza, "Orville, ndugu yangu, fundo moja tu. Fungua twende tukale."

Niliitazama lebo. Niliwatazama watu. Walikuwa wanatabasamu, wote, wananisubiri mimi, Orville Zerfass, niseme nimekosea. Mbele ya fundi bomba.

Nikasema singe ni bandia. Nimeshaihukumu, na hukumu haibadiliki kwa sababu watu wamepiga makofi. Na kama singe bandia imeingia kwenye bunduki hii bila shida, na namba bandia iko pande zote mbili, basi jibu liko wazi kwa mtu yeyote mwenye akili.

Nikachukua lebo nyekundu nikaifunga kwenye bunduki yangu. Fundo la mara mbili.

Jumapili, 20 Oktoba

Kanuni za chama ni kali na mimi ndiye niliyeziandika. Kitu ambacho mwenye nacho amekifunga nyekundu hakiruhusiwi meza ya heshima. Asubuhi nikaiondoa mwenyewe. Kadi nikaiacha, kwa sababu iliandikwa vizuri.

Sikutaka bandia nyumbani mwangu. Nilimwambia Delbert aichukue, ziende pamoja. Alikataa. Alisema nitajuta. Alisema nifikirie kwanza. Alikataa tena nje, kwenye maegesho, na mara ya tatu mlangoni kwake, karibu analia. Nilipomwambia nitaipeleka kwenye chuma chakavu ndipo akanyoosha mikono. Akasema hawezi kuichukua bure, nitaje ninachotaka. Nikamwambia Arlene hana ubao wa kabichi.

Akaingia ndani akanitolea ule wa mama yake.

Mchana zilikuwa pamoja mezani, bunduki na singe, jina la Kunkle mbele. Kwenye kadi yake ameandika kwamba bunduki ilitunzwa miaka ishirini na Orville Zerfass na mkewe. Utepe wa buluu, kipande bora cha maonyesho. Kwa bandia! Kiti nacho kapewa yeye. Thelma anasema amekosea vitu vinne lakini amejua kufungua lebo. Delbert alipokikalia alikaa pembeni pembeni, kama mtu aliyekalia kofia ya mwenzake.

Tulirudi nyumbani na Arlene. Karibu na daraja akasema, "Umewahi kuona mtu akibishana na bunduki yake mwenyewe, na bunduki ikashinda?" Nilimwambia atazame barabara. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha.

Jumanne, 22 Oktoba

Juu ya meko pako wazi. Pana kivuli cha bunduki ukutani. Arlene ametundika kalenda ya kanisa, haifiki ncha zote mbili. Chumba bado kinanukia limau.

Leo ameleta vichwa vichache vya kabichi vya kujazia mtungi, kabichi imeshuka kidogo. Nikajitolea. Nikauleta ubao wa mama yake Delbert. Mti wa mcheri, visu vitatu, na pembeni umechongwa mwaka 1851 na herufi mbili. Herufi ya pili imepinda. Nikasita.

Nikauweka juu ya mdomo wa mtungi. Haukai! Upande mmoja umeinuka, mwingine umezama, unacheza kama jino bovu. Una mikato miwili chini yake ya kushika mdomo wa mtungi, na mikato hiyo haishiki chochote.

Arlene anasema fundi aliukatia kwenye mtungi wa mababu zake Delbert, na mtungi huo bado uko kwa Delbert, chini ya ngazi, na ukiupeleka pale utakaa kama kofia kichwani.

Nimeyasikia maneno hayo mahali. Hayatanipata mara ya pili. Ubao halisi unakaa kwenye mtungi wowote. Kinachogoma ni bandia.

Nimetoa Enfield yangu kwa bandia! Nimedhulumiwa mchana kweupe, na jaji wa chama! Nimekwisha kufunga lebo nyekundu kwenye mpini wa ubao, fundo la mara mbili, na kesho asubuhi namrudishia ubao wake mbele ya majirani.

Nitahitaji kisingizio cha kuingia. Nitamwambia nimefuata ile ngazi.